Usimwachie Mungu Deni Lako

Kuna sentensi moja ambayo katika vigango vya Ufipa imepewa heshima ya fundisho la imani, ingawa haimo katika Kanuni ya Imani wala katika katekisimu yoyote. Husemwa kwa upole, mara nyingi kikaoni, mara nyingi na mtu aliyeshika daftari la mapato: wewe utalipwa mbinguni. Huambiwa katekista aliyeondoka nyumbani alfajiri kwenda kuongoza ibada kigango cha mbali. Huambiwa mlinzi wa usiku wa parokia, mama anayefua vitambaa vya altare, binti wa kazi katika nyumba ya Mkristo mwenye nafasi. Huambiwa hata kibarua aliyepalilia mahindi ya mzee wa kanisa, akaja siku ya malipo na kukuta fedha yake imekwenda kwenye mchango wa ujenzi.

Naipinga sentensi hiyo, na naipinga nikiwa ndani ya imani. Ninaamini mbingu ipo, na ninaamini Mungu hulipa. Wala sina shaka kwamba mwanamke aliyelea yatima bila mtu kumwona ataonekana siku ile. Ninachokataa ni fikra iliyoenea kwamba mwenye deni anaweza kulihamishia kwa Mungu, kisha akabaki na dhamiri safi. Mafundisho ya Kikristo kuhusu thawabu ya mbinguni, ukiyasoma yote, yanamhukumu mtu huyo. Hayana hata mstari mmoja wa kumkinga.

Kaengesa ni mahali pazuri pa kuanzia hoja hii. Ni nchi ya mahindi, maharage na ulezi katika uwanda wa juu wa Ufipa, na watu wa mbali huijua kwa jambo moja: seminari ndogo ya Jimbo la Sumbawanga. Wako waliopita pale wakawa mapadri, wako waliokuwa walimu na watumishi wa serikali. Tunajivunia seminari hiyo, na tuna haki. Lakini mtoto hafiki kwenye lango lake akiwa mtupu. Kabla ya barua ya paroko, kabla ya mtihani wa kuingia, kuna mtu aliyemkaririsha sala na amri, akamwandaa kwa komunyo ya kwanza na kipaimara, akamwambia mzazi wake kwamba kijana huyu ana dalili ya wito. Mara nyingi mtu huyo ni katekista wa kigango. Padri huja kigangoni mara moja kwa mwezi, na masika njia zikikatika pengine haji kabisa. Jumapili zinazobaki katekista ndiye anayeongoza Ibada ya Neno, ndiye anayezika, ndiye anayegongewa mlango usiku kwenda kumsalia mgonjwa, ndiye anayekaa kati ya mume na mke waliokosana. Mwazye, parokia ya mashambani humu humu Ufipa, ilimtoa Polycarp Pengo, aliyefanywa kardinali mwaka 1998. Hakuna kardinali aliyezaliwa akijua katekisimu.

Sasa uliza katekista amepewa nini kwa kazi hiyo. Katika vigango vingi jibu ni debe la mahindi wakati wa mavuno, kama waumini wamekumbuka. Shati sikukuu ya somo wake. Na ile sentensi. Akiugua, hutangazwa mchango baada ya ibada. Akifa, ndipo fedha hupatikana. Nimeona mazishi ambapo jeneza, sanda, turubai na chakula cha waombolezaji viligharimu zaidi ya chochote alichowahi kupewa marehemu kwa miaka mingi ya utumishi, na mzungumzaji mmoja baada ya mwingine alisimama kusema kwamba amekwenda kupokea taji lake. Mjane alikuwa amekaa pale chini akisikiliza. Hakuna aliyetaja kwamba watoto wake wawili waliacha shule kwa kukosa daftari na sare.

Wanaoitetea sentensi ile hukimbilia historia, na jina la kwanza kutajwa huwa la Adrian Atiman. Ni jina kubwa, na sipendi litumiwe vibaya. Atiman alizaliwa karibu na mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali, akatekwa utotoni na kuuzwa utumwani, akakombolewa na Mapadri Weupe. Wakamsomesha udaktari huko Malta. Alifika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akiwa daktari na katekista kwa pamoja, akaoa, akazaa, mwanawe mmoja akawa padri. Alitibu watu pale mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67 mahali pamoja. Tazameni, huambiwa makatekista wa leo, mtu yule hakuuliza habari za posho.

Jibu langu ni kwamba mfano huo unawashtaki wanaoutoa. Mtu aliyejitoa nafsi yake ana haki ya kujitoa, maana nafsi ni yake. Hakuna aliyekaa kikaoni Karema akapiga kura kumtolea Atiman sadaka ya maisha yake. Zaidi ya hapo, Kanisa la wakati ule lilimgharimia. Lilikuwa Kanisa dogo, changa, lililopewa boma la Karema na Wabelgiji mwaka 1885 bila uhakika wa kesho, na bado shirika la wamisionari wake lilimtuma kijana aliyekuwa mtumwa kwenda kusomea udaktari ng'ambo ya bahari kwa miaka kadhaa. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, aliagiza wakatekumeni wafundishwe miaka 4 kabla ya ubatizo. Wazungu wachache walioishi katika vikariati, yaani jimbo la kimisheni, ya Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeiongoza kuanzia 1891 hadi 1917, wasingeweza kuubeba ufundishaji huo peke yao kutoka ziwani mpaka uwandani. Waliubeba makatekista. Anayemtaja Atiman na amtaje mzima: kipaji kilichotunzwa, mtu aliyesomeshwa, nyumba iliyoweza kumlea mwana mpaka upadri. Je, jumuiya yako imemsomesha katekista wake hata semina ya wiki moja?

Twende kwenye Maandiko, maana hapo ndipo hoja inaposimama au kuanguka.

Katika sura ya 14 ya Luka, Yesu yuko mezani kwa mkuu mmoja wa Mafarisayo. Anamgeukia aliyemwalika na kumpa shauri: ukiandaa karamu, usiwaite rafiki na jirani matajiri ambao kesho watakualika nawe; waite maskini, vilema, viwete na vipofu. Kwa kuwa hao hawana cha kukurudishia, utarudishiwa wakati wa ufufuo wa wenye haki. Hii ndiyo ahadi iliyo wazi kuliko zote kuhusu malipo ya mbinguni, na ndiyo wanayoitegemea wenye sentensi ile pasipo kuisoma mpaka mwisho. Angalia imesemwa kwa nani. Imesemwa kwa mwenye chakula. Anayeahidiwa kulipwa na Mungu ni yule aliyechinja, akapika, akatandika mkeka. Maskini aliyekaa pale hakuambiwa asubiri ufufuo. Aliambiwa ale.

Pitia ahadi nyingine uone kama hazina sura hiyohiyo. Kikombe cha maji baridi hakikosi thawabu, na thawabu hiyo ni ya aliyechota maji. Kijana tajiri aliambiwa auze mali, awape maskini, naye atakuwa na hazina mbinguni. Hazina hiyo ni yake yeye anayetoa. Maskini wanapata kitu hapahapa, siku ileile, mkononi. Katika sura ya 6 ya Mathayo, Baba aonaye sirini humlipa anayetoa sadaka kwa siri. Nimeipekua Injili nikitafuta mahali ambapo Bwana anasimama upande wa mdaiwa, anamgeukia mdai na kumwambia: nenda zako, utalipwa juu. Hakuna.

Kuna mahali panapokaribia, na panatisha. Ni habari ya Lazaro mlangoni pa tajiri, katika sura ya 16 ya Luka. Lazaro alifarijiwa, ni kweli, kifuani mwa Abrahamu. Yule tajiri angeweza kusema kwamba maskini huyu atapumzika baadaye, na asingekosea. Alipumzika kweli. Lakini ukweli huo haukumwokoa tajiri; alizikwa na kuamkia motoni. Kosa lake ni kwamba alimwachia Abrahamu kazi iliyokuwa yake, na kati ya kazi hiyo na yeye palikuwa na umbali wa mlango tu. Kila kikao cha parokia kinachomwambia katekista mwenye njaa kwamba Mungu atamlipa kinasema jambo la kweli kuhusu katekista, na katika pumzi hiyohiyo kinajitangazia hukumu.

Torati nayo ilikuwa imeshalisema mapema. Ujira wa kibarua haulali kwa mwajiri hadi asubuhi. Maskini apewe kabla jua halijatua, asije akamlilia Bwana, ikawa dhambi juu ya aliyemzuilia. Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, anasema ujira uliozuiwa wa waliovuna mashamba unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana. Hata mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, ambao wahubiri wetu huutumia kufundisha juu ya mbingu, una jambo tunaloliruka: jioni ile ile mwenye shamba alimwita msimamizi na kumwagiza awalipe wote, kuanzia waliokuja mwisho. Hakuna aliyelala akidai.

Wazee wa Ufipa walilijua hili kabla ya misheni. Mtu aliyeita majirani kumlimia aliandaa pombe ya ulezi na chakula, na watu walikunywa na kula siku hiyohiyo walipotua majembe. Aliyeita watu kisha wakakuta chungu kikavu hakuwa na uso wa kuwaita mwaka uliofuata. Na wazee hao walimjua Mungu kwa jina la Leza. Hawakumtumia kama kisingizio.

Najua pingamizi zitakazokuja, na baadhi yake zinastahili jibu la heshima.

Pingamizi la kwanza husema kwamba katekista akilipwa hapa atakuwa amepokea thawabu yake, na juu hatapata kitu. Huegemezwa kwenye sura ya 6 ya Mathayo, pale Yesu anaposema kuhusu wanafiki kwamba wamekwisha kupata thawabu yao. Lakini wanafiki wale walipata nini? Walipata kutazamwa. Walipiga baragumu ili wasifiwe, wakasifiwa, biashara ikaisha. Hakuna neno pale kuhusu mtu aliyekula kwa sababu amefanya kazi. Yesu huyohuyo, alipowatuma wale wanafunzi 72, aliwaagiza wale na kunywa walichowekewa mezani, kwa kuwa mfanya kazi anastahili ujira wake. Kama chakula hupunguza taji, basi Bwana aliwapunguzia taji wajumbe wake kwa makusudi. Nani yuko tayari kusema hivyo? Tena padri anatunzwa, ana nyumba, ana matibabu, na ni haki yake kabisa. Sijasikia mtu akidai kwamba kwa sababu hiyo padri hana thawabu mbinguni. Basi kwa nini ugali wa katekista uwe na hatari ya kiroho ambayo ugali wa paroko hauna?

Pingamizi la pili humtaja Paulo, aliyeshona mahema ili asiwalemee Wakorintho. Watu hukumbuka mahema, wakasahau sura nzima ya 9 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho. Humo Paulo anajenga haki yake ya kutunzwa jiwe juu ya jiwe: askari hapigani kwa gharama zake, mwenye mizabibu hula matunda yake, ng'ombe anayepura nafaka hafungwi kinywa, wahudumu wa hekalu hula vya hekalu, na Bwana ameagiza waihubirio Injili waishi kwa Injili. Baada ya kuisimamisha haki hiyo, ndipo yeye mwenyewe, kwa hiari yake, anaiacha. Hakuiacha kwa niaba ya Timotheo wala kwa niaba ya Apolo. Na katika waraka wa pili anakiri kwamba alipokuwa Korintho makanisa mengine yalimtegemeza. Korintho haikulipa, lakini Paulo alikula, kwa sababu palikuwa na Wakristo mahali pengine waliojua wajibu wao.

Wapo makatekista wenyewe wasemao: sihitaji kitu, Mungu ananitosha. Nawaheshimu. Neno hilo likitoka kinywani mwa katekista ni sadaka. Likitoka kinywani mwa mweka hazina ni wizi.

La tatu ndilo zito: parokia ni maskini. Hili silibezi. Naijua bei ya mbolea, naijua bei ya mahindi baada ya mavuno, najua kwamba muumini wa Kaengesa anaposhika noti ya shilingi elfu moja anafikiria chumvi, sabuni na ada. Lakini umaskini wa kweli una lugha yake. Maskini mwenye deni husema: Mwalimu, hatuna, pokea debe hili, tusamehe, mwakani tutajaribu tena. Anaona aibu, na aibu hiyo ni ya heshima kwa sababu inakiri kwamba deni lipo. Sentensi ile inafuta aibu. Inachukua upungufu wa kibinadamu na kuuvika vazi la utakatifu, kiasi kwamba mdai ndiye anayeonekana na upungufu wa imani. Na ukiangalia vizuri, parokia hiyo hiyo maskini inajenga. Inachangia jubilei, inanunua viti vya wageni, inashona sare mpya za kwaya, inamtengenezea askofu mapokezi. Fedha ipo, ndogo lakini ipo. Haijapangwa kumfikia aliye mwisho wa foleni.

Kanisa lenyewe limekwisha kusema, na limesema kwa sheria. Mwaka uleule wa 1891 ambao Lechaptois alianza kazi ya kuiongoza vikariati ile, Papa Leo XIII alitoa *Rerum Novarum*, akakumbusha kwamba kumnyima mfanyakazi ujira wake ni kosa kubwa linalolia kisasi mbinguni. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 kuhusu umisionari, uliagiza kwamba makatekista wanaojitoa kwa kazi hiyo muda wote wapewe maisha ya staha na hifadhi kwa ujira wa haki. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, katika kanuni ya 231, zinawapa walei waliojitoa kwa huduma maalumu ya Kanisa haki ya malipo yanayotosha mahitaji yao na ya familia zao, pamoja na hifadhi ya jamii na matibabu. Kanuni ya 1286 inawaamuru wasimamizi wa mali ya Kanisa kuwalipa wafanyakazi ujira wa haki. Tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko aliifanya kazi ya katekista kuwa huduma rasmi ya walei katika Kanisa zima. Kwa mlinzi, mpishi na binti wa kazi sheria ya nchi nayo ipo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na haina kifungu kinachoruhusu mshahara kulipwa baada ya kufa.

Sasa niseme juu ya thawabu yenyewe, kwa sababu kuna watu watakaosoma mpaka hapa na kudhani nataka tuache kuihubiri. Sitaki. Wako wasomi wetu, wengine waliolelewa seminarini, wanaosema kwamba habari za taji na hazina mbinguni ni dawa ya usingizi kwa maskini, na kwamba Mkristo aliyekomaa anapaswa kutenda mema bila kutazamia chochote. Hao nao nawapinga. Bwana hakuona haya kuahidi thawabu. Aliwaahidi wanaoteswa, wanaolia, wenye njaa ya haki. Kumwambia mama aliyezika watoto kwamba ni utoto kutumaini malipo ya Mungu ni kiburi cha mtu aliyeshiba. Mtaguso wa Firenze mwaka 1439 ulifundisha kwamba walio mbinguni wanamwona Mungu kwa ukamilifu unaopitana kadiri ya stahili zao. Ule wa Trento mwaka 1547 ulitetea kwamba matendo mema yaliyofanywa katika neema yanastahili uzima wa milele, na papo hapo ukakumbusha, kama Agostino alivyofundisha zamani, kwamba stahili hizo zenyewe ni kipaji cha Mungu. Kwa hiyo mbinguni hakuna ofisi ya malipo ambamo mtu anapokea kitu kigeni kwa kazi aliyoifanya kwingine.

Mkulima wa Ufipa anaweza kulielewa hili kuliko mwanafunzi wa Roma. Ufundi wetu wa zamani ni matuta ya duara: masika majani hukatwa na kufukiwa, udongo ukageuzwa juu yake, yakaoza humo, msimu unaofuata tuta hubomolewa, udongo wake uliorutubika ukasambazwa, ukapandwa ulezi. Ulezi ule umelishwa na majani yaleyale yaliyofukiwa. Thawabu ni upendo uleule uliotendwa hapa, ukiwa umeiva mbele za Mungu. Ndiyo sababu haiwezi kuhamishwa kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na ndiyo sababu mtu aliyemnyima mwenzake majani hana tuta la kubomoa.

Hapo pia wanaanguka wale wanaouza viti vya mbele. Siku hizi, katika mikutano ya injili na hata katika harambee zetu za kikatoliki, utasikia kwamba aliyetoa zaidi atakaa karibu zaidi na kiti cha enzi, kwamba kuna taji la aina hii kwa mwenye mchango wa kiasi hiki. Mjane wa hekaluni alitoa senti mbili akawapita wote. Sihitaji kusema zaidi.

Historia ya mpaka wetu na Zambia inaonya pia. Miaka ya mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza, Hanoc Sindano na wenzake wa Kitawala, vuguvugu lililotokana na Watch Tower, walihubiri upande wa Wamambwe kwamba hukumu juu ya wakubwa wa dunia imekaribia, serikali na misheni kwa pamoja, na mahubiri hayo yalivuka kuja kwetu. Mafundisho yao siyakubali. Lakini waliowasikiliza walikuwa watu waliotoka kubeba mizigo ya vita ya wengine na kulipa kodi ya vibanda vyao, na walikuwa na swali la haki. Kanisa linalotumia mbingu kunyamazisha swali hilo linawafundisha watu wake wenyewe kwenda kuuliza mlango mwingine.

Kwa hiyo nisemeje kwa Halmashauri ya Walei inayokutana baada ya mavuno? Kwamba ekari moja ya mahindi, ikilimwa na jumuiya zote za kigango kwa zamu, inaweza kuwa ekari ya katekista. Ng'ombe wa kulimia wapo, mikono ipo, UWAKA ya wanaume na WAWATA ya wanawake zipo. Tumelima mashamba ya parokia miaka yote. Kwamba bima ya afya ya jamii, ile CHF iliyoboreshwa, iliwekewa mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Kigango cha kaya hamsini kikigawana kiasi hicho, kila kaya inatoa shilingi 600. Kwamba jina la katekista liandikwe katika bajeti ya parokia juu ya rangi ya ukuta na juu ya maua ya jubilei. Na pale ambapo fedha haipo kweli, liandikwe deni, kwa tarakimu, katika daftari lilelile la mapato, lisomwe mbele ya waumini kama madeni mengine yanavyosomwa.

Nanyi waajiri Wakristo wa Sumbawanga mjini, wenye mabinti wa kazi waliotoka vijiji hivi hivi, msiende kupokea komunyo Jumapili mkiwa na mshahara wa miezi mitatu wa mtoto wa mwenzenu. Mlipeni Jumamosi. Msimwombee baraka kabla ya kumlipa.

Na wewe msomaji, Jumapili ijayo ibada ikiisha, mfuate mweka hazina wa kigango chako, umwulize kwa adabu katekista wetu alipewa nini mwaka jana. Akikujibu kwamba atalipwa mbinguni, mwambie hilo tunalijua, kisha umwulize sisi tutalipwa nini.